Uso, Sabuni na Maji ya Kisima: Kuiosha Ngozi Yenye Chunusi Pasipo Kuidhuru

Miongoni mwa maradhi yanayowapata vijana wa skuli zetu za sekondari, ni machache yaliyoenea kama chunusi, na hakuna linaloshughulikiwa kwa ukali zaidi pasipo sababu. Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye uso wake umeanza kutoka vipele huambiwa na wenzake kuwa hajui kunawa. Naye kwa haya huchukua sabuni ya mche, dodoki na kipande cha ndimu, akajisugua asubuhi na jioni mpaka uso ukamwasha. Baada ya juma moja vipele viko pale pale, na juu ya hayo ngozi imekuwa kavu, inakaza, inachonyota kila ipatapo jasho. Hapo ndipo aanzapo kutafuta dawa kali zaidi, na dawa kali zaidi aghalabu humngoja dukani ndani ya kikopo kisichoandikwa kilichomo.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kutumia kemia na elimuviumbe ya kiwango cha sekondari, kwa nini ngozi yenye chunusi yahitaji kuoshwa kwa upole, na upole huo ni upi hasa. Mfano wetu utakuwa Msuka, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Tumepachagua kwa kuwa mambo matatu yanayohusika, yaani maji ya kisima cha mwambani, sabuni ya mafuta ya nazi na manukato ya karafuu, ni mambo ya kila siku katika upande ule wa kisiwa.

CHUNUSI SI UCHAFU

Ndani ya ngozi ya uso mna tezi ndogo zinazotoa mafuta yaitwayo sebamu. Kila tezi imeungana na kitundu cha kinyweleo, na mafuta hupita humo kufika juu. Wakati wa kubalehe homoni za androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzichochea tezi hizi zikue na kutoa mafuta mengi kuliko zamani. Wakati huo huo seli zilizokufa ambazo hufunika kuta za kitundu hushindwa kupukutika kama kawaida. Hushikamana na kuziba njia. Nyuma ya kizibo hicho mafuta hujikusanya, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes (vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 2016 vinamwita Propionibacterium acnes) huyatumia mafuta hayo kuwa chakula, akaongezeka. Mwili nao hujibu kwa kupeleka chembe nyeupe za damu, ndipo panapotokea uvimbe, usaha na maumivu.

Msomaji atazame kwamba karibu yote hayo hutukia chini ya ngozi, mahali ambapo dodoki halifiki. Hata ile nukta nyeusi ionekanayo katika kitundu kilichoziba, ambayo kila mtu huidhani kuwa ni vumbi, si vumbi. Weusi wake ni melanini, ile rangi ya asili ya ngozi na nywele, pamoja na mafuta yaliyooksidishwa na hewa. Kuisugua ili itoke ni sawa na kusugua unywele mweusi ili uwe mweupe.

Neno chunusi, kwa njia, ni jina pia la yule pepo wa majini ambaye watu wa pwani husema huwavuta waogaji chini. Sijui ni jina lipi lililotangulia, lakini nadhani vijana wengi wangechagua kukutana na yule wa majini mara moja kuliko kukutana na huyu wa kioo kila asubuhi.

UKUTA WA MAWE NA CHOKAA

Kama sabuni na dodoki havifiki penye ugonjwa, basi hufika wapi? Hufika kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Mtaalamu wa Marekani Peter Elias, katika maandishi yake ya mwaka 1983, alilifananisha tabaka hili na ukuta wa matofali uliounganishwa kwa saruji. Matofali ni seli zilizokufa na kukauka. Saruji ni mafuta maalumu yaliyo baina yake, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Msomaji wa Msuka asiende mbali kutafuta mfano, kwani magofu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na kila aliyeyatazama ameona kwamba chokaa ndiyo inayotangulia kubanduka, na mawe hufuata. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Yakiondoka mafuta yaliyo baina ya seli, maji ya mwilini hupotea hewani, na vitu vya nje hupenya na kuwasha. Ngozi iliyofikia hali hiyo ndiyo tunayoiita nyepesi kudhurika, ingawa wako pia watu waliozaliwa nayo.

Juu ya ukuta huu mna kinga nyingine. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Ujerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, walieleza kuwa uso wa ngozi ni wa asidi kidogo, wakauita vazi la asidi. Vipimo vya leo huonyesha pH ya karibu 5. Sabuni ya kawaida, maadamu ni chumvi ya asidi dhaifu ya mafuta na alikali kali, ina pH ya 9 hadi 10. Wanafunzi wakumbuke kwamba kipimo cha pH ni cha logarithimu: tofauti ya hatua 4 si mara nne, bali ni mara 10,000. Ngozi iliyooshwa kwa sabuni huchukua saa kadhaa kuirudia hali yake, na mtu anayeosha uso kwa sabuni kila baada ya saa chache haipi nafasi hiyo.

Je, jambo hili lina athari kwa chunusi zenyewe? Mwaka 1995 Hans Christian Korting na wenzake wa mjini Munich walichapisha matokeo ya jaribio la miezi 3 kwa vijana waliokuwa na chunusi chache. Kundi moja liliosha uso kwa sabuni ya kawaida. La pili lilitumia kipande cha kisafishi cha sanisi chenye asidi kidogo kama ngozi. Chunusi zilizovimba ziliongezeka katika kundi la sabuni, na katika kundi la pili zikapungua.

MAJI YA MWAMBANI

Sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini na mashariki ya Pemba imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao takriban wote ni kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua hufyonza kaboni dioksidi hewani na udongoni, yakawa asidi hafifu, kisha yapitapo mwambani huuyeyusha kidogo kidogo:

CaCO₃ + H₂O + CO₂ → Ca(HCO₃)₂

Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Katika mji wa Uingereza nilikosomea shahada yangu ya udaktari, birika la chai liliota magamba meupe kila mwezi, kwa kuwa sehemu ile nayo imekaa juu ya chokaa. Na magamba hayo hayo utayaona ndani ya sufuria ya mama yeyote anayechemsha maji ya kisima cha mwambani. Sabuni ikikutana na maji hayo, kabla ya kutoa povu, huungana na kalsiamu ikawa utando usioyeyuka:

2C₁₇H₃₅COONa + Ca(HCO₃)₂ → (C₁₇H₃₅COO)₂Ca + 2NaHCO₃

Utando huo ndio ule mweupe unaobaki pembezoni mwa beseni. Hubaki usoni vile vile. Mtu anayetumia maji magumu hutumia sabuni nyingi zaidi ili apate povu, na sehemu ya sabuni hiyo haisuuziki. Watu wa pwani walikwisha kulitambua tatizo hili zamani, nao wakapata ufumbuzi wake: sabuni ya mafuta ya nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo mfupi wa atomi 12 za kaboni, na sabuni yake hutoa povu hata katika maji ya bahari. Lakini wepesi ule ule unaoifanya iyeyuke katika maji magumu huifanya pia ipenye na kuwasha ngozi kuliko sabuni ya mafuta yenye minyororo mirefu. Kwa nguo na vyombo ni sabuni njema mno. Kwa uso wenye vipele sivyo.

Hapana budi kusema pia kwamba maji magumu yasitwishwe lawama yote. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa ugumu wa maji huongeza kiasi cha kisafishi kinachobaki juu ya ngozi na mwasho wake, hasa kwa wenye pumu ya ngozi. Lakini mwaka 2011 jaribio kubwa la Nottingham, lililowapa watoto wenye ugonjwa huo mitambo ya kulainisha maji majumbani mwao, halikuona nafuu yoyote ya ziada. Na majaribio yote mawili hayakuhusu chunusi. Kwa maoni yangu jambo la kupunguza kwanza ni sabuni, maji yafuate.

MAJARIBIO MAWILI KWA DARASA LA KEMIA

Mwalimu asiwaombe wanafunzi waamini. Achukue chupa tatu zenye ujazo sawa: moja ya maji ya mvua, ya pili ya maji ya kisima, ya tatu ya maji ya kisima yaliyochemshwa kwa dakika 10, yakapoa na kuchujwa kwa kitambaa. Ayeyushe vipande vyembamba vya sabuni katika maji ya mvua yaliyopashwa moto, kisha aitie sabuni hiyo katika kila chupa tone baada ya tone, akitikisa, mpaka povu litakapodumu nusu dakika. Wanafunzi wahesabu matone. Tofauti ya chupa ya pili na ya tatu ni ule ugumu wa muda, unaoondoka kwa kuchemsha. Kinachobaki baina ya chupa ya tatu na ya kwanza ni ugumu wa kudumu. Skuli iliyo Msuka na skuli iliyo katika vilima vya udongo vya katikati ya kisiwa zinaweza kulinganisha majibu yao kwa barua, nalo litakuwa somo la jiografia pia.

Jaribio la pili ni fupi. Katika maji ya sabuni yaliyosalia, kamulia ndimu. Povu hufa papo hapo, na maji hugeuka kama maziwa. Asidi ya ndimu imeivunja sabuni na kuirudisha kuwa asidi ya mafuta isiyoyeyuka. Kutokana na hayo mwanafunzi ataelewa mambo mawili: kwamba mchanganyiko wa sabuni na ndimu, ambao vijana wengi wanausifu, kwa kweli unaharibu sabuni yenyewe, na kwamba haiwezekani kuwako sabuni ya kweli yenye pH ya ngozi. Akiambiwa dukani kuwa sabuni fulani "haina alikali" kwa sababu imetiwa mwani, asali au mwarobaini, ana haki ya kuitia karatasi ya litimasi. Mwani umekuwa zao la biashara Zanzibar tangu mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Sabuni ya mwani imewaongezea thamani ya zao lao, jambo la kupongezwa. Walakini ni sabuni iliyopikwa kwa magadi makali kama nyingine, na mwani hauibadilishi tabia hiyo.

KARAFUU, NDIMU NA LIWA

Ni vigumu kuandika habari ya ngozi Pemba bila kuitaja karafuu. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukamua mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli. Dutu hii huua bakteria na kutuliza maumivu, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Hapo ndipo kosa la fikra linapozaliwa: kwa kuwa karafuu huua vijidudu, na chunusi ina vijidudu, basi karafuu ni dawa ya chunusi. Yujenoli ni mojawapo ya manukato yanayojulikana sana kwa kusababisha mzio wa ngozi, na mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza. Katika singo ya bibi harusi, inayopakwa mwilini siku chache katika maisha, sina neno. Lakini kupaka usoni kila siku, juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka, ni kutafuta maradhi ya pili.

Ndimu ni mbaya zaidi. Maji yake yana pH ya karibu 2, na ganda lake lina dutu za furokumarini ambazo, zikipigwa na jua juu ya ngozi, huiunguza na kuacha mabaka meusi kwa majuma au miezi. Kijana anayekwenda kuvua au kufunga mwani mchana kutwa baada ya kujipaka ndimu asishangae. Dawa ya meno nayo iachwe kwa kazi yake.

Liwa nitaitetea kidogo. Liwa safi, iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji matupu na kuoshwa bila kusuguliwa, watu wengi huivumilia. Shida ni unga uliokwisha kutiwa manukato, na tabia ya kuuacha ukauke kisha kuukwangua.

NAMNA YA KUOSHA USO

Tuanze na lililo jema tayari. Kijana wa Msuka anayeswali sala tano huosha uso kwa udhu, kila mara mara tatu, kwa maji matupu. Vumbi, chumvi na jasho huondoka kwa njia hiyo. Kwa hiyo hana haja ya sabuni zaidi ya mara moja au mbili kwa siku. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio dogo lililolinganisha vijana wanaoosha uso kwa kisafishi mara moja, mbili na nne kwa siku. Waliopata nafuu iliyo dhahiri ni wa mara mbili, na wa mara nne hawakupata faida ya ziada. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika aanze na mara moja tu, jioni, baada ya jasho na vumbi la siku.

Akiweza kupata kisafishi cha sanisi kisicho na manukato, ambacho huuzwa katika maduka ya dawa ya mijini, ndicho bora. Asipoweza, atumie sabuni ya kuogea isiyo na harufu kali wala dawa ya kuua vijidudu, si ile ya mche ya kufulia. Asiipake uso kwa kipande chenyewe. Alitoe povu viganjani kwa maji ya mvua, au yaliyochemshwa yakapoa, alipitishe usoni kwa ncha za vidole kwa muda wa kuhesabu mpaka 20, kisha asuuze mara nyingi kuliko anavyodhani inatosha, hasa kwenye mstari wa nywele na chini ya kidevu. Kata mbili za maji laini zatosha kwa kazi hii. Maji ya kisima yatumike kwa mwili uliobaki. Pemba haina uhaba wa mvua wakati wa masika na vuli, na mtungi mmoja uliofunikwa vizuri, uliokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, utafaa uso wa mtu kwa muda mrefu. Dodoki, jiwe la kusugulia na taulo gumu viachwe kwa miguu. Uso ukaushwe kwa kugusisha kitambaa safi, na kitambaa hicho kisiwe cha nyumba nzima.

Ngozi ikikaza baada ya kuoshwa, matone machache ya gliserini yaliyozimuliwa katika maji safi yaliyochemshwa yatailainisha bila kuziba vitundu. Mafuta ya nazi siyapendekezi usoni. Ni kweli kwamba vipimo vilivyoyashitaki vilifanywa juu ya masikio ya sungura, na binadamu si sungura. Lakini Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza mwaka 1970 aina ya chunusi iliyokuwa ikitoka kwenye paji la uso kwa watu waliopaka nywele mafuta mengi. Mwalimu anaweza kulitazama darasa lake na kuona kama wenye vipele vya paji la uso ndio wenye nywele zinazong'aa. Wasichana wafue pia mitandio yao mara kwa mara, na wasiikaze kidevuni, kwani msuguano na jasho huchochea uvimbe.

Uoshaji huu, ingawa ni mzuri, hautibu chunusi. Huipa ngozi utulivu ili dawa iweze kuvumilika. Dawa iliyojaribiwa sana kwa chunusi za kadiri ni peroksidi ya benzoili, na mwaka 1986 ilionyeshwa kuwa nguvu ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, huku ikiwasha kidogo zaidi. Hupauza nguo, basi anayeitumia asilalie kanga aipendayo. Vipele vikubwa vyenye maumivu, vinavyoacha makovu, vipelekwe hospitali mapema. Tanzania ina kituo chake cha kufundishia wataalamu wa ngozi, kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika.

JAMBO LA HATARI

Tumesema kwamba kijana aliyekata tamaa hutafuta dawa kali zaidi. Dawa hiyo mara nyingi ni mkorogo. Yaliyomo ndani yake hutofautiana, lakini vinavyopatikana mara kwa mara ni haidrokwinoni, zebaki na dawa za jamii ya steroidi kama vile klobetasoli. Hii ya mwisho ndiyo inayodanganya. Kwa siku chache za mwanzo uvimbe hutulia na uso hung'aa, na mtumiaji huwasimulia wenzake wote wa bweni. Kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, na vipele vipya hutoka kwa wingi kila anapojaribu kuacha. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Sheria za nchi yetu zinakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeviweka vipodozi vya zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kukomeshwa duniani. Hata hivyo vikopo bado huvuka bahari.

Wengi huingia katika mkorogo kwa sababu ya yale madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona. Katika ngozi nyeusi kila uvimbe huchochea seli za melanini, na kadiri uvimbe ulivyosuguliwa au kukamuliwa ndivyo doa linavyokuwa jeusi zaidi. Madoa hayo si makovu. Hufifia yenyewe, ila kwa miezi, wala si kwa siku. Kwa chunusi zenyewe mtu ahesabu majuma 6 hadi 8 ya utaratibu ule ule mpole kabla ya kuhukumu kama umefaa, na asibadilishe kitu zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, kama tufanyavyo maabara, ili ajue ni kipi kilichomsaidia na kipi kilichomwasha.